TPS54360 inawaka na kuzima mfululizo betri ikishuka

SWALI
Wakuu, nina TPS54360 (chipu ya kushusha volti) inayotoa 5V, 3A kutoka betri ya sola ya 12V. Pini ya EN (ya kuwasha na kuzima chipu) ina rezista ya kilo-ohm 100 kwenda VIN (pini ya kuingiza umeme) na ya kilo-ohm 10 kwenda graundi. Betri ikianza kuchoka, saketi inawaka na kuzima bila kukoma. Multimita kwenye VIN inaonyesha inawaka 13.1V, inakata 12.7V. Waya wa betri ni mrefu. Nataka iwake 12.5V, ikate 11.5V.

JIBU LA 1
Mkuu, pengo lako kati ya volti ya kuwaka na ya kukata ni dogo mno. Ndani ya chipu, EN inasukuma mikroampea 1.2 ikiwa chini ya 1.2V, ikivuka hapo zinaongezeka 3.4. Pengo ni hizo 3.4 mara rezista ya juu, yaani kwako 0.34V tu. Mzigo wa 15W unavuta kama 1.4A kwenye betri. Waya ukiwa na ohm 0.35 kwenda na kurudi, karibu 0.5V inapotea pale pale saketi inapowaka. VIN inaanguka, chipu inakata, VIN inapanda, inawaka tena.

Rezista ya juu: 1V ÷ 3.4µA = 294k.
Ya chini: 1.2 ÷ ((12.5 − 1.2) ÷ 294k + 1.2µA) = 30.3k.
Weka 294k na 30.1k, zote za 1%. Itawaka 12.57V, itakata 11.57V. Na waya mnene zaidi hauna mbadala.

JIBU LA 2
Hesabu ni sahihi, lakini datashiti inaruhusu kizingiti cha EN (ile 1.2V ya kuwashia) kiwe popote kati ya 1.1V na 1.3V. Kwa rezista hizo, kosa la 0.1V linazidishwa karibu mara 11: chipu moja itakata 10.5V, nyingine 12.6V. Kwa bodi moja, pima kisha rekebisha ile ya chini. Kwa bodi nyingi, kulinda betri nisingeiachia EN. Tumia LM393 (chipu ya kulinganisha volti) na TL431 kama rejea ya volti thabiti, toleo la LM393 livute EN chini. Usisahau rezista ya kurudisha, kutoka toleo la LM393 hadi ingizo lake la +, ili upate pengo. Safisha flaksi (mabaki ya kulehemu) pia, maana kwenye 294k uvujaji mdogo unahamisha kizingiti.

MUULIZAJI
Asanteni. Betri ikichajiwa 14.4V, EN itahimili?

JIBU LA 1
Itapata kama 1.5V, haina shida. Kikomo chake ni 8.4V, hivyo usiiunge VIN moja kwa moja. Usipoihitaji, iache wazi, inajiwasha yenyewe.