Safari yako ya kwanza nje ya Kenya: ulienda wapi, na nini kilikukuta? Tupeane uzoefu

Nyar Kondele, Kisumu
Jana nilikuwa napanga karatasi za marehemu baba nikakuta pasipoti yake. Kurasa zote nyeupe, isipokuwa muhuri mmoja wa Uganda. Mzee huyu kila jioni alikaa na redio akituhadithia Misri, Timbuktu na Zimbabwe kana kwamba alikulia huko, kumbe hakuwahi kuvuka Kampala. Nimeishika hiyo pasipoti nikaamua: Desemba natoka. Nina miaka 41, nina akiba ya chama, na sijawahi kulala nje ya Kenya hata usiku mmoja. Bara lina nchi 54 na kila mtu ananivutia kwake. Msinitajie tu majina ya mahali. Niambieni ninyi wenyewe mlianzia wapi na nini kiliwakuta.

Dereva Mstaafu, Busia
Binti yangu, pole kwa mzee. Anza na Jinja. Nimevuka mpaka huu na malori miaka 22, lakini siku ya kwanza niliposimama Jinja bila mzigo, nimekuja kutazama tu, nilinyamaza. Ziwa hili la Victoria mnalovua ngege pale Dunga, hapo ndipo linapotoa maji yake kwa mto Nile kwenda Misri, zaidi ya kilomita 6,000. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika mahali hapo 1862. Maporomoko aliyoyaona yeye hayapo tena, yalimezwa na bwawa la Owen Falls lililokamilika 1954, lakini nguvu ya mkondo unaisikia chini ya mtumbwi. Ukipanda basi asubuhi Kisumu, jua halijazama umefika. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Uganda, na Rwanda vilevile, tangu 2014. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiiache nyumbani.

Section 58, Nakuru
Kadi ya njano! Mzee, umenitonesha kidonda.

Machi 2023 nilikuwa naenda Cape Town. Wakenya ndio tulikuwa tumeondolewa visa ya Afrika Kusini Januari ile, siku 90 kwa mwaka, nikaona njia imefunguka. Tiketi nimelipa, chumba nimelipa, hata koti la upepo nimenunua Gikomba. Nafika kaunta ya uwanja wa ndege, dada anaitazama kadi yangu, anaigeuza, ananiuliza sindano ulichomwa lini. Nikamwambia Jumatatu iliyopita. Akaniambia hii ina siku sita, haijaanza kufanya kazi. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya chanjo. Mimi nilijua tu kwamba unatakiwa uwe nacho. Nilimwomba, nikamwita msimamizi wake, wapi. Ndege ikaondoka, pesa ya chumba ikaenda nayo. Pale uwanjani sikulia. Nililia Naivasha, kwenye matatu ya kurudi, mama mmoja aliyekuwa kiti cha pembeni akanipa maji bila kuniuliza kitu.

Nyar Kondele, chomwa wiki hii. Sindano moja ni ya maisha, na kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi nazo zinakubalika hivyo tangu 2016.

Mama Baraka, Kakamega
Siku kumi. Naunga mkono. Chama chetu tulimwacha mwenzetu mmoja kwa sababu hiyohiyo na mpaka leo tukikutana hatuligusi jambo hilo.

Mwalimu wa Jiografia, Vihiga
Mimi nilianza na Ethiopia, kwa sababu Mkenya hahitaji visa na kwa sababu nilifundisha habari za Lalibela miaka 14 bila kuiona: makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, kutoka juu kwenda chini, paa liko usawa wa ardhi unayokanyaga. Kanisa la Mtakatifu Giorgis limekatwa kwa umbo la msalaba. Nilipofika ukingoni nikaangalia chini, miguu ililegea.

Lakini kilichonikuta kilinikuta stendi. Nikiwa Addis nilikata tiketi ya basi, imeandikwa 11:00. Asubuhi nikanywa kahawa taratibu, nikafika saa tano kasoro, nimewahi. Basi lilikuwa limeondoka zamani. Wenzetu wale wanahesabu saa kuanzia mapambazuko, sawasawa na sisi tunapoongea Kiswahili. 11:00 yao ni saa kumi na moja alfajiri. Nilisimama pale na simu yangu mkononi nikawaza: nyumbani nasema "saa kumi na moja" kila siku, ila nikiiona imeandikwa kwa tarakimu nasoma Kizungu. Jambo hilo limenikaa mpaka leo.

Pia wana miezi 13, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja mfupi wa siku tano au sita. Na Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, usiagize nyama, agiza shiro, ule mchuzi wao wa unga wa dengu. Eneo la Amhara, ndiko Lalibela iliko, limekuwa na mapigano tangu 2023, kwa hiyo usikate tiketi ya huko kabla ya kuuliza hali ilivyo wiki hiyo.

Mzalendo wa Migori
Nawasoma tu. Ethiopia, Cape Town, Jinja. Ni wangapi hapa wameiona Thimlich Ohinga? Kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, tangu karne ya 16, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2018, na wageni wanatoka ng'ambo kuziona. Mtu wa Kisumu anazipita akienda Sirare.

Section 58, Nakuru
Ndugu, swali ni la nje ya Kenya.

Mzalendo wa Migori
Na mimi najibu kwamba nje kunaanzia ndani. Ninyi watu wa Nakuru mlikuwa na heroe ziwa zima likawa rangi ya waridi, maji yakapanda, ndege wakahamia ziwa Bogoria. Umewafuata hata siku moja?

Section 58, Nakuru
Nimewafuata mara tatu, na watoto. Usinifundishe ziwa ninaloliona nikiwa kibarazani.

Mama Baraka, Kakamega
Jamani. Mwenzetu ana msiba na ana akiba. Tumsaidie.

Mtoto wa Njoro
Sikutaka kuandika. Nimesoma ya Mwalimu kuhusu miguu kulegea na imenirudisha mahali nisipopenda kurudi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Kilimanjaro. Mimi na binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, tumelala kitanda kimoja mpaka darasa la nane. Tulijiambia sisi ni watu wa juu, Njoro iko zaidi ya mita 2,000, mlima hautatusumbua. Tukachukua njia ya Marangu kwa siku tano, kwa kuwa siku ya sita ya kupumzika ina gharama yake. Mandara, mita 2,720, tunaimba. Horombo, 3,720, tunakula vizuri. Kibo, 4,720, yeye hakugusa chakula, akasema ni uchovu. Nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali.

Tulianza kupanda usiku wa manane, taa kichwani, baridi ambayo sijui niifananishe na nini. Baada ya saa mbili hivi nikaona binamu yangu anatembea kama aliyelewa. Mguu unakwenda kushoto, yeye anakwenda kulia. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, tuwahi kurudi kwa sababu ng'ombe hawajakamuliwa. Wale ng'ombe waliuzwa tukiwa watoto.

Kiongozi wetu hakubishana. Alimgeuza palepale. Akamwambia msaidizi wake amshike mkono mmoja, washuke, wasisimame Kibo, waende moja kwa moja mpaka Horombo. Akanigeukia: wewe unaweza kuendelea na mimi au kushuka nao, amua sasa hivi.

Niliendelea.

Nilifika Gilman's Point, mita 5,685, jua likichomoza. Wengine walipiga picha wakaenda Uhuru, mita 5,895. Mimi sikuweza. Si pumzi. Nilikaa kwenye jiwe nikamsikia akisema habari za ng'ombe. Nikashuka nikikimbia kwenye ule mchanga wa mawe, nikaanguka mara sijui ngapi. Nilimkuta Horombo amekaa nje na kikombe cha chai, akili imerudi, akaniuliza, "Ulifika?" Hakuniuliza kitu kingine, hadi leo. Imepita miaka sita.

Kijana wa Milimani, Kisumu
Kaka, ulimwacha.

Mkulima wa Molo
Hakumwacha. Alikuwa na msaidizi aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi. Angeshuka naye angefanya nini cha zaidi? Amshike mkono wa pili?

Kijana wa Milimani, Kisumu
Ndiyo. Mkono wa pili. Mtu akichanganyikiwa anahitaji sauti anayoijua.

Mkulima wa Molo
Wewe umewahi kupanda?

Kijana wa Milimani, Kisumu
Sijapanda, lakini nina ndugu.

Muuguzi wa Bungoma
Naomba niingilie. Kuyumba kama mlevi na kuongea yasiyokuwepo ni dalili kwamba ubongo unavimba kwa sababu ya kukosa oksijeni ya kutosha. Dawa ya kwanza ni kushuka, mara moja, hata kama ni usiku, hata kama zimebaki mita mia mbili. Yule kiongozi aliokoa maisha. Kosa lilitokea mapema zaidi: mtu asiyekula Kibo na kusema ni uchovu, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Na kuzaliwa Njoro au Iten hakumkingi mtu akifika karibu mita 5,000. Mwili unataka siku. Ile siku ya sita ndiyo ya kulipia kabla ya yote.

Mtoto wa Njoro, ulipofika Horombo alikuwa na kikombe mkononi na akili yake. Shika hapo.

Mwalimu wa Jiografia, Vihiga
Mpigie simu leo. Muulize yeye.

Mama Baraka, Kakamega
Nimesoma mara mbili na bado sijui ningefanya nini.

Fundi wa Umeme, Eldoret
Turudi kwa dada. Mimi nilianza na Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko makubwa ya Zambezi, mita 108 kwenda chini, upana unapita kilomita moja na nusu. Nilienda Oktoba, upande wa Livingstone, Zambia. Nilikuta mwamba. Mwamba mrefu, mkavu, na uzi wa maji kwa mbali. Mzee mmoja muuza vinyago akaniambia ningevuka upande wa Zimbabwe, huko maji hayakatiki mwaka mzima, au ningekuja Aprili, ningeloa mpaka mfupa. Desemba mvua ndiyo inaanza, mto haujajaa bado. Kwa hiyo Nyar Kondele, huko si Desemba. Kuweni na mazoea ya kuuliza mwezi kabla ya kuuliza nauli.

Mkulima wa Molo
Ukitaka sokwe, Bwindi. Karibu nusu ya sokwe wote wa milimani duniani wako pale. Wageni wa ng'ambo wanalipa dola 800 kwa kibali, sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi za Uganda, tena sehemu ndogo tu ya hizo. Mnakwenda watu wanane, mnakaa nao saa moja basi. Dume lilipita hatua chache kutoka nilipo, likanitazama, likaendelea na majani yake. Sina maneno mengine. Vaa viatu vya kukamata tope.

Dereva Mstaafu, Busia
Nilisema Uganda.

Mama Baraka, Kakamega
Na ukiunganisha Rwanda, saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, na mifuko ya plastiki waliipiga marufuku tangu 2008. Mimi nilifungua sanduku zima mpakani, nguo za ndani zikiwa hadharani, kwa sababu ya mfuko mmoja wa viatu.

Kijana wa Milimani, Kisumu
Nenda Zanzibar dada, upumzike. Huko uko nyumbani kwa lugha, ila bebe pasipoti.

Mwalimu wa Jiografia, Vihiga
"Beba." Ukifika Mji Mkongwe na hiyo "bebe" watakurekebisha kabla hujashusha mzigo.

Mtoto wa Njoro
Nimempigia. Alikuwa anakamua. Nikamuuliza kama anakumbuka aliyoyasema kule juu. Akasema anakumbuka taa tu, mstari wa taa ukipanda, na kwamba alikuwa akijaribu kujua ni ipi yangu. Tumekaa kwenye simu bila kuongea. Anataka kurudi Februari, kwa siku sita. Nimemwambia safari hii, mmoja akishuka tunashuka wote.

Kijana wa Milimani, Kisumu
Samahani kaka. Niliandika kwa haraka.

Nyar Kondele, Kisumu
Nimewasoma wote usiku kucha. Nimeenda kuchomwa leo asubuhi, kadi ninayo, tarehe 10 Novemba, kwa hiyo Section 58 uwe na amani. Nitaanza Jinja, halafu Bwindi kama kibali kitapatikana. Pasipoti ya baba nitaibeba ndani ya yangu. Dereva Mstaafu, nisaidie jambo moja: kwenye basi la Kampala, nikitaka kuliona ziwa, nikae upande gani?

Dereva Mstaafu, Busia
Kushoto, binti yangu. Lakini ziwa lenyewe usilitegemee sana barabarani. Ukikaribia Jinja, usilale.