Mrejesho: mdogo wangu na video za watu wanaokula

Niliwauliza kuhusu mdogo wangu, hapa Bukavu, anayekesha akitazama Wakorea wakimaliza mabakuli ya tambi huku yeye akikataa bugali. Asanteni sana, ndugu zangu. Aliyesema nisimnyang'anye simu, nichunguze njaa kwanza, alipatia: binti alikuwa anajinyima ili apungue. Katika jaribio la Minnesota, Marekani, 1944–1945, wanaume 36 walipunguziwa chakula, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi! Niliposoma hilo nilimwelewa kabisa. Sasa jioni tunakula pamoja, sombe (majani ya muhogo) na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga. Anazitafuna hadi vichwa. Video bado anatazama, hasa akiwa mpweke, na hilo linanihangaisha. Jumatatu ninampeleka kwa mwanasaikolojia.