MJADALA: Mbegu za mboga tujiwekee wenyewe au tununue kila msimu?

Wadau, hapa Lindi tumebishana na kaka mmoja mwenye duka la pembejeo. Anasema mbegu ya kujiwekea ni umaskini wa kujitakia, inabeba magonjwa, na kina mama wanaouza mbegu za mlenda na mchicha kwa kijiko sokoni wapigwe marufuku. Mimi napinga.

Tusichanganye mambo. Nyanya chotara ukirudia mbegu zake, mche huu utazaa makubwa, ule vidonge. Hiyo nunua kila msimu. Kabichi nayo usijisumbue: inataka baridi ndipo itoe maua, na joto letu mnalijua. Lakini mchicha, mlenda, kunde, bamia, ngogwe? Hizo bibi zetu wa Newala na Nachingwea wamezirudisha shambani miaka yote.

Shida ni tunavyoziweka. Tunda zuri tunauza, tunabakiza la mwisho lililodumaa, halafu lawama kwa mbegu. Chagua mche wenye afya ungali shambani, ufunge kitambaa usichumwe. Wenye batobato, yaani majani yenye mabaka ya njano na kijani, usiuguse, maana baadhi ya virusi vya nyanya kweli hupita kwenye mbegu. Hapo kaka hajakosea. Nyanya ikiiva kabisa, kamua mbegu na ute wake, ziache siku 2 au 3 zichachuke, osha, anika kivulini kwenye sahani. Ukianika kwenye karatasi zinagandia. Zikikauka, tia kwenye chupa ya kufunga, na jivu kavu ndani, kwa sababu unyevu wa pwani unaua mbegu kuliko wadudu. Maboga ndiyo yenye kazi: nyuki hutoka boga la jirani akaja kwako. Funga maua jioni kabla hayajachanua, la dume na la jike, asubuhi lipake jike chavua mwenyewe, kisha lifunge tena.

Sasa kuhusu kuuza. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya biashara ipite kwenye ukaguzi, na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndio wasimamizi. Lipo pia daraja la kuazimiwa ubora kwa wakulima wadogo, yaani mzalishaji mwenyewe hutangaza ubora wa mbegu yake, lakini nalo lina usajili na ukaguzi wa shamba. Kwa mbegu za pakiti naunga mkono kwa moyo wote, wakulima wameibiwa vya kutosha na mbegu feki. Ila mama wa kijiko cha mlenda, anayejulikana mtaa mzima na mteja akimkosa leo atamkuta kesho, kumbebesha masharti hayo hayo ni kumwonea.

Mnaotaka marufuku, nijibuni: yeye akiacha, mvua za Desemba zikifika mlenda wa asili tutautoa wapi?