Vitz imegoma kutoka P (gia ya kuegesha), nipo Kisasa, Dodoma, msaada wakuu

MamaZabibu: Mbukwenyi wakuu. Vitz yangu asubuhi hii imewaka vizuri tu, honi inalia, ila gia haitoki P. Nakanyaga breki mpaka mguu unauma, kitufe cha gia hakizami. Nimeziba geti na baba mwenye nyumba anataka kutoa kenta yake ya mchanga. Kuna jamaa kaja na kamba, anasema tuivute hivyo hivyo. Nikubali?

MzeeWaKibaigwa: Mwambie akunje kamba yake. Gari ikiwa P kuna jino la chuma limeshika ndani ya giaboksi, na Vitz inaendeshwa na tairi za mbele, ndizo hizo zilizofungwa. Mtaburuza tairi kwenye changarawe, mkizidisha mtavunja jino. Nijibu kitu kimoja: ukikanyaga breki, taa za nyuma zinawaka?

MamaZabibu: Shikamoo mzee. Mtoto wa jirani kaangalia, hakuna hata moja.

IpagalaMjini: Betri hiyo. Yangu ilikufa ikagoma hivyo hivyo, nikabusti ikatoka.

MzeeWaKibaigwa: Marahaba. Wewe wa Ipagala, injini yake imewaka, betri inaingiaje hapo? Mama, loki ya gia inasubiri umeme wa swichi iliyo juu ya pedali ya breki. Swichi hiyo hiyo ndiyo inawasha taa za nyuma. Umeme usipofika, gari inajua hujakanyaga kitu.

Fanya hivi. Zima injini, vuta hendibreki, weka tofali mbele na nyuma ya tairi hata kama hapo ni tambarare. Ufunguo urudishe ON, usiuchomoe maana usukani utajifunga. Kanyaga breki. Kando ya gia tafuta maandishi SHIFT LOCK. Gari nyingine zina kitufe, nyingine kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue taratibu kwa ncha ya kisu, chini yake kuna tundu. Zamisha bisibisi nyembamba, kandamiza usiachie, mkono wa pili uvute gia mpaka N (gia huru). Hapo msukume, au uwashe ukiwa hapo hapo N, inakubali.

MamaZabibu: IMETOKA!! Kenta imepita. Sasa niwahi kazini Mtumba, fundi jioni?

MzeeWaKibaigwa: Barabara ya Dar, na malori yale, bila taa za breki? Panda daladala. Au fungua boksi la fyuzi, angalia iliyoandikwa STOP. Hukufungiwa kitu kipya karibuni?

MamaZabibu: Wiki jana kijana alinifungia taa nyekundu ya urembo kwenye kioo cha nyuma, inawaka na breki. Fyuzi ya STOP imekatika katikati, nyeusi kabisa.

MzeeWaKibaigwa: Angalia waya wake unapopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Nina hakika umechunika, unagusa bodi. Chomoa hilo pambo kwanza, ndipo uweke fyuzi mpya yenye namba ile ile. Usizidishe namba, na atakayekuletea kipande cha waya badala ya fyuzi mfukuze. Anataka kukuunguzia gari.

MamaZabibu: Umechunika kweli, shaba iko nje. Fyuzi nimepata duka la spea, taa zinawaka na gia inatoka yenyewe. Asante sana mzee. Kijana wa urembo nampigia tangu saa nne, hapokei.