Dada ana uvimbe wa sm 5 kichwani: apasuliwe, au tufuate mionzi India?

Mwanatanga83

Wakuu habari za jioni. Naingia moja kwa moja kwenye mada maana nyumbani hapakaliki.

Dada yetu mkubwa, miaka 49, anauza vitumbua na chai mtaani kwetu Tanga. Toka mwaka jana alianza kubadilika. Mtu aliyekuwa anakumbuka deni la kila mteja bila daftari akawa anarudisha chenji ya elfu kumi kwa aliyetoa elfu mbili. Mafuta yanaungua jikoni, yeye amekaa pembeni anayatazama tu. Tukasema msongo wa mawazo, majirani wakasema karogwa. Juzijuzi akaanguka degedege mbele ya wateja, ndipo tukaja naye Dar akapigwa MRI.

Ripoti inasema meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo), mbele upande wa kulia, sm 5.2 kwa 4.6. Ubongo unaouzunguka umejaa maji na umesukumwa upande wa pili kwa milimita 8. Daktari bingwa anataka afungue fuvu autoe, na amesema tusichelewe. Tarehe tumeshapewa, na tumeambiwa tutafute watu wa kuchangia damu.

Shida iko hapa. Baba mdogo yupo Muscat, ndiye mwenye uwezo kwenye ukoo, na hataki kusikia habari ya kupasua kichwa. Kapata dalali anayepeleka wagonjwa India, kamtumia makadirio kwa WhatsApp: mionzi ya Gamma Knife, siku moja, hakuna kisu wala nusu kaputi, kesho yake mgonjwa anatembea madukani. Shemeji naye amegoma kusaini mpaka baba mdogo aridhie. Mama analia tu.

Hii mionzi inaweza kweli kuondoa uvimbe wa ukubwa huu? Na kuna aliyepitia njia mojawapo hapa?

Jingine: tangu aanze vile vidonge vidogo vya dexa (anameza vinane kwa mpigo), sukari imepanda hadi 16, na hajawahi kuwa na kisukari. Shemeji anataka tuviache.

NesiWaZamu

Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la usiku huu. MSIACHE dexa ghafla. Ni steroidi, kazi yake hapo ni kupunguza maji yaliyozunguka uvimbe. Vinane si vingi, vidonge vyetu vingi ni vya nusu miligramu, kwa hiyo hapo anameza miligramu 4. Kupandisha sukari ni tabia yake, haina maana ugonjwa umesambaa. Mwili ukishazoea steroidi ya nje unalegea kutengeneza ya kwake, ukiikata ghafla presha inaweza kuporomoka na maji kichwani yakarudi. Kesho asubuhi mrudisheni na vipimo vyenu vya sukari, atapangiwa dawa ya kuishusha kwa kipindi hiki. Ameze akishakula, mwulize daktari na dawa ya kulinda tumbo, na dozi ya mwisho isiwe usiku, atakesha.

Dawa ya degedege asiruke hata mara moja. Asikae kwenye karai la mafuta, na bafuni asijifungie kwa komeo. Akianza kutapika mfululizo, kusinzia kusikoeleweka au kulegea upande mmoja, msisubiri hiyo tarehe. Mkimbizeni dharura.

TabibuMajani

Msikubali kufungua fuvu ndugu zangu. Nina dawa ya asili, wiki tatu uvimbe unayeyuka wenyewe. Njoo PM.

Mzee wa Chumbageni

@TabibuMajani tuwekee hapa MRI ya kabla na ya baada, ya mgonjwa mmoja tu. Tunasubiri.

NesiWaZamu

Na asipewe majani yoyote juu ya dawa ya degedege. Ini ni hilohilo moja.

KofiaYaKijani

Mkuu pole sana. Nafanya kazi chumba cha upasuaji, si hospitali anayotibiwa dada yako, na picha zake sijaziona. Nitasema kile ambacho vipimo ulivyoandika vinakiruhusu.

Meninjioma haioti ndani ya ubongo. Inatoka kwenye utando unaoufunika, inakua taratibu, na ubongo unasogea kuipisha kwa miaka bila mwenyewe kujua. Nyingi ni za daraja la kwanza, yaani si saratani. Sehemu ya mbele ndiyo inayobeba hamu ya kazi, mpangilio na maamuzi, kwa hiyo ile chenji na yale mafuta yanayoungua ni dalili kamili kama degedege lenyewe. Waambieni majirani.

Sasa mionzi. Gamma Knife ni kazi ya daktari wa Uswidi, Lars Leksell, na mashine ya kwanza ilianza Stockholm mwaka 1968. Za siku hizi zina vyanzo 192 vya kobalti. Kila mwali ni dhaifu, unapita kwenye ubongo bila madhara ya kusemwa, ila pale yote inapokutana dozi inakuwa kali mno. Ni tiba ya kweli na mimi naiheshimu. Lakini HAITOI KITU. Inaharibu uwezo wa seli kugawanyika, uvimbe unasimama, na mwingine unanywea kwa miezi au miaka. Kesho yake dada yako angetembea madukani akiwa na sm 5.2 zilezile kichwani.

Halafu kuna ukubwa. Kwa kawaida mionzi ya mpigo mmoja inaishia kwenye uvimbe wa kama sm 3. Ukizidi hapo, ukitaka dozi ya kuutosha uvimbe, ubongo wa jirani nao unakula nyingi kupita kiasi. Na miezi ya mwanzo mionzi yenyewe inaweza kuongeza maji, hasa kwa uvimbe uliolalia juu ya ubongo chini ya mfupa. Mtu ambaye ubongo wake umeshasukumwa milimita 8 hana nafasi ya kuvimba zaidi. Hili peke yake lingetosha kunifanya nikatae.

Kuna na suala la kinyama. Bila kukata kipande kikaenda maabara, daraja la uvimbe unalikisia kwa picha tu. Picha mara nyingi inasema kweli, ila si siku zote.

Kama uvimbe wenyewe ungekuwa wa sm 2, umejibana nyuma ya jicho kwenye neva zinazolizungusha, ningekuwa wa kwanza kukuambia usiguse kisu, tafuta mionzi. Wa dada yako, kama ripoti inavyosema, uko mahali ambapo mpasuaji akifungua mfupa anakutana nao bila kupita ndani ya ubongo. Tangu 1957 daktari mpasuaji Simpson alishaonyesha kuwa kadiri unavyoutoa pamoja na mzizi wake kwenye utando, ndivyo unavyopungua uwezekano wa kurudi.

Hatari zipo, asikudanganye mtu: kutoka damu, maambukizi, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, damu kuganda miguuni. Mwulizeni bingwa wenu anategemea kuutoa wote au kiasi gani, kama umeshikana na ule mshipa mkubwa wa damu wa katikati ya kichwa, kama kitanda cha ICU kimetengwa, na majibu ya kinyama yatachukua muda gani. Swali la ICU msilione dogo. Upasuaji mwingi unaahirishwa asubuhi ileile kwa kukosa kitanda.

FulanaHaipiti

Mimi nimepigwa Gamma Knife India, kwa hiyo nisemee upande huo. Uvimbe wangu ulikuwa kwenye mshipa wa fahamu wa sikio, sm 1.8. Angalia tofauti ya namba kwanza.

Asubuhi wanakuchoma ganzi sehemu nne, mbili kwenye paji, mbili kisogoni, halafu wanakufunga fremu ya chuma kwa skrubu. Sindano ya ganzi inauma kuliko skrubu. Vaa shati la vifungo, fulana haipiti kwenye hiyo fremu. Unaenda MRI nayo, unakaa kusubiri wapange dozi, unaingizwa kwenye mashine, husikii chochote. Jioni nilikula biriani.

Sehemu ambayo madalali hawasemi ni ya baadaye. Baada ya miezi kadhaa kizunguzungu kilinirudia na shavu likawa linachezacheza. MRI ikaonyesha uvimbe umeongezeka. Bahati nzuri daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba unaweza kuvimba kabla ya kunywea, vinginevyo ningechanganyikiwa. Baadaye kweli ukanywea. Sikio lenyewe limeendelea kupungua nguvu, na MRI za kufuatilia bado nazilipia. Sijutii hata kidogo. Ila sijawahi kuambiwa kwamba "umetolewa".

BintiWaKariakoo

Naomba kuuliza, dada alikuwa anatumia ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Nimesikia inahusishwa na uvimbe huu na mimi ninaitumia.

Mwanatanga83

Alitumia miaka mingi sana, tangu mtoto wa mwisho. Ndiyo iliyoleta??

NesiWaZamu

Kwa mtu mmoja huwezi kusema ndiyo iliyoleta. Ni kweli utafiti wa Ufaransa uliotoka 2024 kwenye jarida la BMJ ulikuta waliotumia sindano hiyo mwaka mmoja au zaidi wana uwezekano mkubwa zaidi, kama mara tano na nusu, wa kufika kufanyiwa upasuaji wa meninjioma. Lakini ugonjwa wenyewe ni nadra, mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo. @BintiWaKariakoo usiikatishe kwa hofu ukapata mimba usiyoipanga, nenda kliniki uzungumzie njia nyingine. Kwa dada wa mtoa mada, aliyeshapata uvimbe, hiyo sindano asiendelee nayo, na bingwa aambiwe aliitumia.

MkenyaMpole

Poleni sana kutoka Nairobi. Mama yangu alipata zote mbili, kwa hivyo haya mambo ya kisu ama mionzi huwa nayasikia nikicheka. Yake ilikuwa chini ya fuvu, nyuma ya jicho. Walimfungua wakatoa sehemu kubwa, na kile kipande kilichokumbatia mshipa wa damu wakakiacha makusudi. Mpasuaji alisema akikifuata ataharibu jicho. Hicho kilichobaki ndicho kilipigwa CyberKnife baadaye, hapa kwetu Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hiyo haina skrubu. Wanakutengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu inayoshika uso, na mkono wa roboti unakuzunguka. Walimgawia dozi kwa siku kadhaa kwa sababu neva ya macho ilikuwa karibu.

Kwa hivyo mwambie mzee wa Muscat kwamba kupasuliwa leo hakufungi mlango wa mionzi. Na ikifika huko, si lazima India.

Mwanatanga83

Wakuu, sijui niwashukuruje. Nimefanya hivi: nimemwandikia dalali, nikamwuliza aliyetoa makadirio ni daktari gani na aliambiwa uvimbe una ukubwa gani. Akanijibu kwa sauti, anazunguka. Nikamtumia picha zote za CD, sio ile picha ya ripoti aliyotumiwa na baba mdogo. Leo kaleta makadirio mapya: kufungua fuvu! Bei imepanda karibu mara mbili, na Gamma Knife haitajwi popote. Sikuongeza neno, nimeyatuma yote mawili Muscat, la kwanza na la pili.

Baba mdogo kapiga saa hiyohiyo. Sasa hoja yake imebadilika: kama ni kupasua, basi apasuliwe hukohuko India.

KofiaYaKijani

India wana wapasuaji wazuri sana, sitawabeza. Ila upasuaji aliopendekeziwa dada yako ni wa kawaida kwa mabingwa wa ubongo hapa nchini. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kichwa kinafunguliwa kila wiki. Safari ina uzito wake: kichwa chenye maji mengi kikae wiki kadhaa kikisubiri viza, ndugu wawili wa kumsindikiza, na asiruke kurudi mpaka hewa iliyoingia ndani ya fuvu iishe. Halafu kidonda kikichuruzika akiwa Tanga, nani anamwona? Kama baba mdogo ana wasiwasi, pesa ya tiketi moja inatosha kupeleka zile picha kwa bingwa wa pili atoe maoni yake kwa maandishi. Ifanyike wiki hii, tarehe isisogezwe.

Mzee wa Chumbageni

Na shemeji aende kliniki mwenyewe akamsikilize daktari. Wewe ukimwelezea atakwambia umetumwa.

Mwanatanga83

Shemeji ameenda leo. Daktari alimwekea picha ukutani, akamwonyesha mstari wa katikati ulivyopinda. Alikaa kimya, kisha akauliza nywele zitanyolewa zote au nusu. Nimejua hapo ameshakubali. Amesaini. Baba mdogo kasema maoni ya pili yakifanana na ya kwanza, atalipa ICU na MRI ya kufuatilia.

Nywele, kama kuna anayetaka kujua: ukanda tu pale watakapopasua, kilemba kitaficha.

Bado damu. Ndugu wengi wako Tanga. Yeye ni B chanya, tunatakiwa watu wanne.

FulanaHaipiti

Niko Mbagala, ila mimi O chanya. Inafaa?

NesiWaZamu

Inafaa. Wachangiaji si lazima wawe kundi lake, benki ya damu inapokea yako na kutoa inayomfaa. Kula vizuri kabla ya kwenda, na uende na jina lake kamili na namba ya faili.

FulanaHaipiti

Nitumie PM namba ya faili. Jumamosi asubuhi nitakuwa pale, nakuja na mdogo wangu.