Gemu la kwanza lina miisho mitatu, la pili nilianzie wapi?

PikseliMoja:
Wakuu, naombeni mawazo. Mimi na mwenzangu (yeye anachora, mimi naandika hadithi na programu) tulimaliza gemu letu dogo la RPG (unaigiza shujaa na kumpandisha leveli, yaani ngazi za nguvu), mambo ya majoka na uchawi. Mtoto wa mvuvi anaokota taji la mfalme aliyezama. Mwishoni mchezaji anachagua: alivae, alirudishe baharini, au ampe mchawi aliyemlea.

Sasa tunataka mwendelezo na nimekwama ukurasa wa kwanza. Nikiandika "mfalme mpya anatawala", waliolizamisha taji watasema nimewadhulumu. Halafu shujaa alishafika leveli 40, anamwua joka kwa pigo moja. Nilijaribu kusema kapigwa kichwani kasahau kila kitu. Mwenzangu alicheka hadi nikafuta.

KalamuButu:
Ruka miaka. Gemu la Skyrim (2011) liko miaka 200 baada ya lililotangulia, Oblivion, na Baldur's Gate 3 (2023) iko zaidi ya karne moja baada ya la pili. Shujaa mpya, leveli 1, hakuna haja ya kumpiga mtu kichwani.

PikseliMoja:
Nimeipenda, ila mchawi simwachi. Wachezaji wanampenda kuliko shujaa.

KalamuButu:
Kwani mchawi wako lazima azeeke? Si wewe uliyemwumba?

JokaMvivu:
Miaka haitatui suala la taji, mkuu. Kuna ujanja wa Daggerfall (1996), la mfululizo uleule wa Skyrim: magemu yaliyofuata yalikuja kueleza kwamba miisho yote ilitokea kwa pamoja, wakati wenyewe ulivunjika. Wao walipita nayo. Ukiiga, utaonekana umekwepa.

Mama_Leveli:
Mwulize mchezaji, lakini ndani ya hadithi. Kwenye The Witcher 3 (2015) ukichagua hivyo mwanzoni, shujaa Geralt anahojiwa kuhusu aliyoyafanya huko nyuma huku ananyolewa ndevu. Knights of the Old Republic II (2004) nayo inakuuliza katika maongezi ya kawaida tu shujaa wa kwanza alikuwa mwanamume au mwanamke, mwema au mwovu. Hujazi fomu, unapiga soga.

Ila hesabu kabla hujanogewa. Miisho mitatu, ongeza maswali mawili ya ndiyo au hapana, tayari una hali 12 za kuandikia. Mko wawili. Uliza la taji peke yake, mengine yasahau.

PikseliMoja:
Sikulala. Onjeni hii:

Miaka sitini imepita. Shujaa mpya ni binti mvushaji. Usiku anamvusha abiria aliyejifunika joho. Katikati ya maji abiria anauliza, "Kwenu wanasema taji liliishia wapi?" Ukijibu lilirudi baharini, anachungulia chini ya mtumbwi, kisha kimya hadi ng'ambo. Ukijibu mfalme analo, anatoa sarafu na kuisugua sura iliyochongwa. Ukijibu mchawi, anacheka hadi joho linamvuka, na ni mchawi mwenyewe.

JokaMvivu:
Hilo la kwanza limenisisimua. Usiweke muziki hapo, acha kasia tu.

KalamuButu:
Nzuri, ila binti ni mvushaji gani asiyedai nauli? Abiria hapandi kabla hajalipa. Sarafu itoke hapo, mwanzo kabisa, mchezaji aigeuze mkononi kabla ya swali lolote.

Mama_Leveli:
Lakini hapo mchezaji hajajibu bado. Sarafu itakuwa na sura ya nani?

PikseliMoja:
Giza, mkuu. Anaipapasa tu, anajua ina mchongo. Ataiona vizuri wakifika kwenye taa ya gatini, akiwa ameshajibu. Kwa waliolizamisha taji itakuwa imekwanguliwa uso.

KalamuButu:
Kaandike, usitujibu tena.