Mikanda ya rali iliyotumika au pointi tatu mpya: ipi inafaa gari la kujiundia?

Spana17
Wakuu, habari zenu. Gari ninalojiundia limefika hatua ya siti na mikanda. Ni la wazi, watu wawili, chesisi ya mabomba, na nyuma ya siti kuna upinde wa chuma wa kukinga vichwa likipinduka. Litatembea barabarani tu. Nina njia tatu: mikanda ya pointi nne (yaani inashikwa garini sehemu nne) niliyopewa na rafiki aliyeacha rali, ya pointi sita, nayo ya mitumba, au mkanda wa kawaida wa pointi tatu, mpya, wa kujikunja. Moyo unaipenda ile ya rali, lakini siti ya pili atakaa mke wangu, kwa hiyo nielezeni bila kunionea haya.

BambaNene
Anza na lebo, mkuu. Ikiwa na FIA 8853/98, kiwango cha shirikisho la dunia la mbio za magari, utakuta mwaka wa mwisho wa kutumika, ambao ni miaka 5 baada ya kutengenezwa. SFI 16.1, kiwango cha Wamarekani, inakupa miaka 2 tu. Utepe wa polyester au nailoni unaliwa na jua, na nguvu hupungua hata kama rangi bado inapendeza.

Spana17
Ya pointi nne inasoma 2017. Ya pointi sita haina lebo kabisa.

BambaNene
Isiyo na lebo iache hukohuko iliko. Huwezi kujua ina umri gani wala imepitia nini.

DadaGereji
Umri ni nusu ya habari, kaka. Mikanda hii imeundwa ivutike mara moja tu maishani mwake: kwenye ajali utepe unarefuka na kula sehemu ya nguvu ya kishindo. Ukishavutika hivyo, safari yake imekwisha, ingawa kwa macho unaonekana mzima. Telezesha virekebishio vyote na uangalie utepe uliojificha chini yake. Ukiona sehemu inang'aa kama imepigwa pasi, au nyuzi zimeyeyuka na kushikana, hapo chuma kilisagana na utepe chini ya mzigo mkubwa. Angalia pia mishono, na madoa ya asidi ya betri.

Halafu kuna hii pointi nne yenyewe. Gari likigonga mbele, kifua kinasukuma mishipi ya mabega, nayo inavuta kifungio juu. Mshipi wa kiuno unaacha mifupa ya nyonga na kupanda tumboni, na mwili unateleza chini yake. Viungo vya ndani ya tumbo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Ya pointi sita ina mishipi miwili ya kupita katikati ya mapaja kwa kazi hiyo: kukishika kifungio chini. Schroth, watengenezaji wa mikanda, walilitatua kwa njia nyingine: kwenye mikanda yao ya ASM, mshipi mmoja wa bega una mkunjo ulioshonwa unaoachia kidogo, mwili ukageuka badala ya kuteleza. Kwa ya pointi nne isiyo na kitu cha namna hiyo, jibu langu ni hapana, hata ingekuwa mpya.

Gia_ya_Tano
Mimi natofautiana kidogo. Gari lake lina upinde nyuma, na hilo ndilo wengi wanalikosa. Pointi sita mpya, siti ngumu ya faibaglasi yenye matundu ya mishipi, vikifungwa vizuri, vinamshika mtu kuliko pointi tatu.

BambaNene
"Vikifungwa vizuri" ina mambo mengi ndani yake. Mishipi ya mabega haifungwi sakafuni nyuma ya siti, maana inakandamiza uti wa mgongo. Kikomo cha FIA ni digrii 45 chini ya ulalo kutoka ukingo wa juu wa siti, na kadiri inavyokaribia ulalo ndivyo afadhali. Penye tundu jipya kwenye bodi, weka bamba la chuma lisilopungua sentimita 40 za mraba, unene milimita 3. Bolti ziwe za inchi 7/16 zenye nyuzi laini (UNF), za mikanda hasa, si za kuokota kwenye kopo.

DadaGereji
Na shingo je? Mabega yakishikwa yote mawili, kichwa kinaendelea mbele peke yake. Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alikufa Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu, na mwaka huohuo NASCAR, wasimamizi wa mbio hizo, ikalazimisha kifaa cha kushika kichwa. Mke wake hatavaa kofia ya mbio na HANS, kifaa cha aina hiyo, kwenda dukani.

Gia_ya_Tano
Hapo nakubali, dada. Niliwahi kuendesha na pointi nne barabarani kwa muda. Kwenye makutano huwezi kuinama kuona kinachokuja, kwa hiyo mwishowe nikawa nailegeza, na mkanda uliolegea ni hatari zaidi.

Spana17
Nimetoka gereji sasa hivi. Chini ya kirekebishio cha bega la kushoto kuna kipande cha kama vidole viwili kinachong'aa, kigumu kama plastiki. Rafiki yangu naye aliinunua ikiwa imetumika. Nimeikata vipande ili asije mtu akaiokota. Naagiza pointi tatu mpya, zenye alama ya E ya kanuni ya 16 ya Umoja wa Mataifa, ile ya mikanda ya magari. Sehemu ya juu naweza kuichomelea kwenye upinde?

BambaNene
Ndiyo, kama miguu ya upinde imeshika chesisi yenyewe. Chomelea kikombe chenye nyuzi za bolti ndani ya bomba. Usitoboe bomba tupu ukakaza nati. Kiwe usawa wa bega lako au juu yake kidogo, kisiwe chini. Na kabla ya kuagiza, pima mwinamo wa mahali kitakapokaa kile kiviringo kinachokunja mkanda. Kilichotengenezewa nguzo iliyosimama, ukikilaza, kinajifunga na mkanda hautoki.

Spana17
Mguu wa upinde umelala digrii 20 kuelekea nyuma.

BambaNene
Basi agiza chenye mabano ya kurekebisha pembe, mkuu, au chomelea kibati kitakachokisimamisha wima.